Kinyonga Aazimwe, Asifugwe

Katika vilima vya Rungwe, Mufindi na Iringa, kinyonga akikutwa njiani hupatwa na jambo moja kati ya mawili. Ama hupigwa mawe, kwa sababu wapo bado watu wanaoamini kwamba kukutana naye ni kisirani. Ama huchukuliwa na mtoto mdadisi, akatiwa katika kopo au boksi, akapelekwa nyumbani ili afugwe. Tendo la kwanza latokana na hofu, la pili latokana na upendo, lakini mwisho wake mara nyingi ni mmoja. Aliyepigwa jiwe hufa papo hapo. Aliyetiwa koponi hufa baada ya siku au majuma machache, amekonda, macho yamemwingia ndani, na mtoto aliyempenda hajui alikosea wapi.

Kati ya watu hao wawili amesimama mwalimu wa sayansi. Siku moja mwanafunzi atamjia na kinyonga juu ya kijiti, amwulize: "Mwalimu, nimjengee nyumba ya namna gani?" Swali hilo si la mchezo. Jibu lake linahusu uhai wa mnyama, sheria ya nchi, na namna vijana wanavyofundishwa kuyatazama mazingira yao. Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kinyonga anaweza kukaa shuleni au nyumbani kwa muda mfupi, kwa kibali na kwa maandalizi, kisha arudishwe alikotolewa. Aazimwe, asifugwe. Anayeazima jembe la jirani hujua mambo matatu: jembe lina mwenyewe, lina siku ya kurudishwa, na sharti lirudi likiwa zima. Mambo hayo matatu ndiyo msingi wa yote yanayofuata.

Hofu isiyo na msingi

Kinyonga, ambaye wengine humwita lumbwi, hana sumu. Meno yake ni madogo, na akimwuma mtu humfinya tu. Hadithi inayosimuliwa kwa namna mbalimbali katika jamii nyingi za Kibantu husema kwamba alitumwa kuwaletea wanadamu habari ya uzima wa milele, akakawia njiani, na mjusi aliyetumwa nyuma yake akatangulia kufika na habari ya mauti. Hadithi hiyo ni sehemu ya fasihi simulizi, nayo yastahili kuhifadhiwa. Lakini mwalimu hana budi kuwaeleza wanafunzi wake kwamba mwendo wa polepole ulioleta lawama hiyo ndio kinga ya mnyama huyu. Kinyonga hana mbio wala silaha. Huyumbayumba kama jani katika upepo ili adui asimtambue.

Imani nyingine inayohitaji kusahihishwa ni ile isemayo kwamba kinyonga hugeuka kuwa na rangi ya kila kitu anachokikanyaga. Sivyo. Akiwekwa juu ya kitambaa chekundu hawi mwekundu. Rangi yake hufuata joto, mwanga na hali ya moyo wake: asubuhi ya baridi huwa mweusi ili anyonye joto la jua, akiogopa au akikutana na mpinzani hubadilika kwa namna nyingine, na usiku alalapo hupauka. Mwaka 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakichunguza kinyonga mmoja wa Bukini, walieleza jinsi jambo hilo linavyotendeka. Ndani ya ngozi mna seli zenye fuwele ndogo mno zilizopangwa kwa safu. Mnyama anapotulia, fuwele hukaribiana na kurudisha mwanga wa buluu, ambao ukichanganyika na rangi ya manjano iliyomo katika ngozi huonekana kijani. Anaposisimka, fuwele huachana, na mwanga unaorudi huwa wa manjano au mwekundu. Somo la mwanga katika fizikia limo, basi, katika ngozi ya mnyama anayepigwa mawe njiani.

Mnyama wa mlimani si wa kila mahali

Duniani kuna zaidi ya aina 200 za vinyonga, na karibu nusu yake wako Bukini. Baada ya kisiwa hicho, Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye aina nyingi zaidi, na Nyanda za Juu Kusini zina sehemu kubwa ya utajiri huo. Katika milima ya Poroto na Rungwe yupo kinyonga ambaye dume lake lina pembe tatu usoni. Mjerumani Gustav Tornier ndiye aliyemweleza kwanza kisayansi, mwaka 1900, na leo huitwa Trioceros fuelleborni, kwa heshima ya daktari Friedrich Fülleborn. Katika milima ya Ukinga yupo asiye na pembe, Trioceros incornutus; na katika misitu ya Udzungwa yupo mwenye vijiba kama miiba ubavuni, Trioceros laterispinis. Hawa wawili walielezwa na Arthur Loveridge mwaka 1932.

Kazi hiyo haikuishia enzi za wageni. Mwaka 2006 kundi zima la vinyonga wa misitu ya Afrika Mashariki lilipewa jina la Kinyongia, lililotokana na neno la Kiswahili. Mwaka 2015 aina mpya ya kundi hilo, iliyopatikana katika misitu ya Udzungwa na ya milima ya Livingstone, iliitwa Kinyongia msuyae, kwa heshima ya Mtanzania Charles Msuya, aliyetumia miaka mingi kuchunguza wanyama watambaao na vyura wa nchi yake. Mwanafunzi wa Makete au Kilolo anayedhani kwamba kila kitu kimekwisha kugunduliwa ana sababu nzuri ya kufikiri tena.

Lakini utajiri huo una udhaifu wake. Baadhi ya vinyonga hawa hawapatikani popote duniani isipokuwa katika milima michache, pengine katika vipande vya msitu vilivyozungukwa na mashamba ya chai, viazi na misonobari. Mwili wao umezoea mchana wa ubaridi na usiku wa baridi kali. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo huzidi mita 2,500, ambako katika miezi ya Juni na Julai umande huganda. Kinyonga wa huko huanza kutaabika joto linapokaribia nyuzi 30 za Sentigredi. Akichukuliwa ndani ya basi mpaka Dar es Salaam, ambako hata usiku joto halipungui sana, hatapata nafasi ya kupoa, na atakufa hata kama mlezi wake ana huruma kiasi gani.

Wengi wa vinyonga hawa wa mlimani, kwa mfano yule wa Poroto, hawatagi mayai ardhini kama wenzao wa mahali pa joto. Udongo wa mlimani ni baridi mno kwa mayai. Mama huwabeba watoto tumboni, huota jua mchana ili wapate joto, kisha huwazaa wakiwa hai. Maana yake ni kwamba jike mmoja anayetolewa msituni huenda ameondoka na kizazi kizima.

Kwa sababu hizo kinyonga wa mlimani na wa msitu asitolewe kabisa. Anayeweza kuazimwa ni kinyonga wa kawaida, Chamaeleo dilepis, mwenye vipande viwili vya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa. Huyu hupatikana katika vichaka, bustani na kandokando ya mashamba sehemu nyingi za Afrika, na anaweza kuzidi sentimita 30 pamoja na mkia.

Mwenye mali ni nani?

Jembe la kuazima lina mwenyewe, na kinyonga vilevile. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inawahesabu wanyamapori kuwa mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na inakataza kukamata au kuweka mnyama wa porini bila kibali. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya maandalizi si msumari wala mbao. Ni barua. Mwalimu amwandikie Afisa Wanyamapori wa Wilaya, aeleze mnyama anayetakiwa ni wa aina gani, atatolewa wapi, atakaa muda gani, nani atamtunza, na atarudishwa siku gani. Asipopewa kibali, asikamate. Na kwa mzazi anayetaka kumfurahisha mtoto wake nyumbani, utaratibu ni huohuo. Kijana atakayeona mwalimu wake akingoja jibu la barua kabla ya kunyosha mkono kichakani atakuwa amejifunza jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha vizuri zaidi.

Sheria hizi zina sababu. Tangu mwaka 1977 vinyonga wa jenasi ya Chamaeleo waliingizwa katika orodha ya pili ya Mkataba wa Kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2016 wale wadogo wa ardhini wanaofanana na majani makavu nao waliongezwa. Kwa miaka mingi vinyonga wa Tanzania, pamoja na wa pembe tatu wa Poroto, waliuzwa Ulaya na Marekani kama wanyama wa nyumbani. Wafugaji wa huko wameandika mara nyingi jinsi walivyowapokea wakiwa wamekauka kwa kiu na wamejaa minyoo. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nchi za nje. Mtoto anayejaza vinyonga koponi hafanyi biashara, lakini msitu hautofautishi kati ya mkono wa mfanyabiashara na mkono wa mtoto.

Banda liandaliwe kabla ya mgeni

Kosa kubwa la mfugaji wa mara ya kwanza ni kumpata mnyama kwanza na kuanza kufikiri baadaye. Banda hupasa kuwa tayari siku kadhaa kabla. Kinyonga ni mnyama wa kupanda, kwa hiyo kimo ni muhimu kuliko upana. Banda lenye upana wa sentimita 60 kila upande na kimo cha mita 1 au zaidi litamtosha mmoja. Fremu yaweza kuwa ya mbao au ya mianzi, ambayo Iringa haina uhaba nayo. Pande zote zifunikwe kwa wavu wenye matundu madogo, kama ule wa kuzuia mbu madirishani. Wavu wa kuku haufai: panzi watatoka, na waya utamjeruhi vidole.

Vioo visitumike. Sanduku la kioo likiwekwa juani huwa kama tanuri, hewa haipiti, na kinyonga anayejiona katika kioo hudhani ameingiliwa na mpinzani. Tena kioo huzuia sehemu kubwa ya miali ya urujuanimno, ile miali ya jua isiyoonekana kwa macho ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia kalsiamu, mifupa hulainika, na miguu hupinda. Ugonjwa huo una undugu na matege ya watoto wa binadamu, na mwalimu anaweza kuyafundisha yote mawili kwa pamoja.

Banda liwekwe nje, mahali ambapo jua la asubuhi hufika upande mmoja huku upande wa pili ukibaki kivulini, ili mnyama achague mwenyewe. Paa la nyasi juu ya nusu ya banda latosha. Bati lisiwe karibu naye, kwani huchemka adhuhuri. Kwa kinyonga wa kawaida joto la mchana la nyuzi 25 hadi 30 linafaa, mradi kivuli kipo. Katika usiku wenye baridi kali au mvua ya upepo banda liingizwe barazani. Wanafunzi wapime joto kwa kipimajoto asubuhi, adhuhuri na jioni, juani na kivulini, na waandike.

Ndani pawe na matawi ya unene mbalimbali, kutoka unene wa penseli hadi wa kidole gumba, yamelazwa mshazari ili apande na kushuka. Mguu wake umegawanyika kama koleo, vidole viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, kwa hiyo hawezi kutembea vizuri juu ya sakafu tupu. Mche hai katika kopo, kama wa kahawa au mpera, utampa kivuli na mahali pa kujificha. Mnyaa usitumike, maana utomvu wake hudhuru macho.

Adui anayesahauliwa ni siafu. Kinyonga wa porini anaweza kuwakwepa, aliyefungiwa hawezi. Miguu ya banda isimamishwe ndani ya makopo yenye maji, na matawi ya nje yasiguse wavu. Paka, kuku na nyoka nao wazuiwe kwa mlango unaofungwa sawasawa.

Banda moja ni la kinyonga mmoja. Madume wawili hupigana, na hata dume na jike huchoshana. Jike mwenye tumbo lililojaa asichukuliwe kamwe. Kinyonga wa kawaida huchimba shimo na kutaga mayai kadhaa, ambayo hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa, na muda wa kuazima hautoshi kwa kazi hiyo.

Chakula na maji

Kinyonga hula wadudu walio hai: panzi, nyenje, nzi na viwavi wasio na manyoya. Mdudu asizidi upana wa kichwa chake. Mnyama mzima atahitaji wadudu kadhaa wa kadiri kila siku au kila baada ya siku moja, na hapa ndipo wengi hushindwa. Mwezi Julai nyasi za Iringa zimekauka na panzi ni haba. Mwezi Machi au Aprili wapo tele. Kwa hiyo wakati wa kuazima ni wa mvua. Darasa lisiloweza kukusanya panzi wa siku tatu mfululizo kabla ya kinyonga kuja lisimlete.

Wadudu wenyewe walishwe kwanza, kwa siku moja, majani ya mchicha, boga au karoti, kwa sababu mdudu mwenye njaa ni kama gunia tupu. Maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa kuwa unga laini, ni kaboneti ya kalsiamu. Chembe chache zikinyunyiziwa juu ya panzi mara mbili kwa juma zitasaidia mifupa.

Wadudu wasichukuliwe katika mashamba yaliyopigwa dawa. Onyo hili ni la lazima Mbeya na Iringa, ambako viazi na nyanya hunyunyiziwa mara kwa mara. Hata pareto, zao la miaka mingi la nyanda hizi, hulimwa kwa sababu maua yake yana sumu ya kuua wadudu. Panzi wenye rangi kali na harufu mbaya wanaoonekana kwenye mihogo nao waepukwe, kwani rangi hiyo ni tangazo la sumu.

Maji yasiwekwe katika kisahani. Kinyonga hunywa matone yanayoning'inia kwenye majani, na mara nyingi hayatambui maji yaliyotulia. Majani yanyunyiziwe asubuhi na jioni kwa dakika chache, au kopo lililotobolewa kwa sindano liwekwe juu ya banda ili lidondoshe tone moja moja. Wengi wa wale waliokufa koponi walikufa kwa kiu huku kisahani cha maji kikiwa miguuni pao.

Kinyonga asivutwe kutoka tawini. Awekewe kijiti mbele yake, apande mwenyewe. Asishikwe zaidi ya mara moja kwa siku, na aliyemshika au kusafisha banda anawe mikono kwa sabuni, kwa maana kinyesi cha wanyama watambaao chaweza kuwa na bakteria wa salmonela. Kinyonga anayefumba macho mchana, mwenye macho yaliyozama, anayebaki mweusi kutwa au anayeacha kula siku tatu, haponywi kwa kubembelezwa. Akikosa maji anyunyiziwe. Asipoonyesha nafuu siku hiyohiyo, daktari wa mifugo aulizwe na Afisa Wanyamapori aarifiwe.

Majuma mawili ya masomo

Kwa maandalizi hayo majuma mawili yanatosha, na yaweza kuwa na masomo mengi kuliko muhula mzima wa kunakili ubaoni. Wanafunzi watazame jinsi kila jicho linavyozunguka peke yake mpaka mdudu anapoonekana, na jinsi macho yote mawili yanavyoelekea mbele ili kupima umbali. Watazame ulimi. Kinyonga hautoi kwa nguvu ya msuli peke yake. Msuli huvuta kwanza tishu zenye mnyumbuko, kama mtoto avutavyo mpira wa manati, kisha nguvu iliyohifadhiwa huachiwa kwa mara moja. Mwaka 2016 mtafiti wa Marekani alipima ulimi wa kinyonga mdogo wa Usambara, Rhampholeon spinosus, akakuta mchapuko wa mita 2,590 kwa sekunde mraba, yaani mara 264 ya ule wa kitu kinachoanguka.

Jaribio lingine, la mwaka 2010, lina maana zaidi kwa watu wa nyanda za juu. Joto liliposhuka kutoka nyuzi 25 hadi 15, kasi ya kutoa ulimi ilipungua kwa chini ya asilimia 20, ilhali kasi ya kuurudisha, ambayo hutegemea msuli peke yake, ilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Manati haijali sana baridi, msuli hujali. Hivyo kinyonga huweza kuwinda asubuhi ya baridi wakati mijusi wengine bado wamezubaa. Darasa lenye kipimajoto na daftari laweza kulinganisha saa anazoanza kuwinda katika asubuhi ya baridi na ya joto.

Mabishano

Wapo watakaosema kwamba majuma mawili ni kidogo. Jibu lake limo nje ya dirisha. Ua wa michongoma na vichaka vya mipaka ya shule ni banda kubwa kuliko lolote litakalojengwa, lisilohitaji wavu, panzi wala kibali cha kukamata. Usiku kinyonga hulala kwenye ncha za matawi, akiwa amepauka, na mwanga wa tochi humwonyesha kwa urahisi. Hiyo ndiyo njia itumiwayo na watafiti wenyewe msituni. Wanafunzi wakiongozwa na mwalimu wanaweza kutembea kando ya ua mara moja kwa mwezi, wahesabu bila kugusa, na baada ya mwaka wawe na takwimu ambazo hakuna mwingine anazo kuhusu mahali hapo.

Wapo pia watakaosema kwamba ufugaji ungeleta fedha. Kuzalisha wanyamapori ni kazi ya vituo vyenye leseni, wataalamu na ukaguzi. Chumba cha kulala cha mwanafunzi si kituo, na historia ya biashara ya vinyonga haionyeshi kwamba vijiji vya kando ya misitu vilitajirika kwayo.

Wengine, kwa upande wa pili, watasema asiguswe hata kidogo. Hoja hii ni nzito, na shule isiyoweza kutimiza masharti yaliyotajwa yapasa kuifuata. Lakini mtoto asiyewahi kumtazama kinyonga kwa karibu atarithi hofu ya wakubwa wake, na hofu hiyo ndiyo inayookota jiwe. Aliyemlisha panzi kwa majuma mawili na kuandika kila siku alichokiona hawezi tena kumwita kisirani.

Siku ya kumrudisha

Kinyonga arudishwe mahali palepale alipotolewa, asubuhi ya siku isiyo na mvua, juu ya tawi lenye majani. Asipelekwe msitu mwingine hata kama ni mzuri zaidi, kwa kuwa huenda akachukua maradhi mageni huko au akakosa hali ya hewa aliyoizoea. Darasa zima liwepo. Daftari lenye vipimo vya joto, chakula na rangi libaki katika maktaba ya shule, ili darasa la mwaka ujao lianzie pale lilipoishia la mwaka huu.

Shule nyingi za Mbeya na Iringa hazina darubini za kutosha wala kemikali za maabara. Lakini zina nyua, vichaka, na mara nyingine msitu wenye kiumbe asiyepatikana nchi nyingine yoyote. Kianze kitabu cha kuhesabia na tochi moja. Kibali kikipatikana, banda lijengwe. Na mwanafunzi atakayemjia mwalimu na kinyonga juu ya kijiti aambiwe kwanza amrudishe pale alipomtoa, kisha arudi darasani na kalamu.